Serveur Iliyomjua Mama Kaswera Peke Yake

Kuna ordinateur moja, yaani kompyuta, pale Mushaki iliwahi kunikana mchana kweupe, kama Petro alivyomkana Bwana, tena bila jogoo kuwika.

Niliibeba mimi. Niliiwasha mimi. Niliifuta vumbi kwa shati langu la misa. Halafu nikabisha hodi niingie ndani, ikaniandikia kwa Kifaransa kizuri cha shule: huna ruhusa.

Mimi!

Sogeza kiti karibu na moto, nikueleze. Anayesema naongopa aende Mushaki akaulize. Watakaokataa ni wale waliokuwa wamelala.

Ilikuwa miaka ya vita. Kila kilima cha Masisi kilikuwa na jeshi lake, na kila jeshi lilikuwa na kamba yake barabarani.

Mimi nilikuwa convoyeur, yaani yule anayekaa juu ya magunia ya kamioni kuchunga mizigo. Sake, Mushaki, Masisi, Nyabiondo, mpaka Walikale. Jua ni lako, mvua ni yako, na risasi ikipotea njia nayo ni yako.

Bosi wangu aliitwa Papa Muhindo, mfanyabiashara wa kwao Butembo. Makamioni, maduka, chumvi, sabuni. Mkatoliki wa kweli: hakuwahi kupandisha bei bila kusali rozari kwanza.

Ordinateur nilijifunza peke yangu kule Goma, kwenye cyber ya rafiki, kwa kitabu kilichokuwa kimeng'olewa jalada na kurasa za mwanzo. Ndiyo maana mpaka leo mambo ya ordinateur nayajua kuanzia katikati.

Siku Papa Muhindo aliposema anataka maduka yake yote yakae ndani ya masini moja, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Sébastien, hii kazi unaiweza?"

"Papa, naijua kuliko njia ya kwetu."

"Sawa. Siku ya Mungu, kisha misa, ndugu zangu bacommerçants ba Butembo banakuya kuiona. Ikitembea, unabakia ku bureau, ku kiti na meza. Ikikataa, unarudia juu ya magunia. Umesikia?"

Nilisikia. Mgongo wangu wote ulisikia.

Sasa, jamaa ya Papa Muhindo wana desturi yao. Kitu kipya hakianzi kazi mpaka mama mzazi amekikalia. Kamioni mpya ikifika, Mama Kaswera anapanda kwenye kiti cha dereva, anapiga honi, anashuka. Duka jipya likifunguliwa, chumvi ya kwanza anauza yeye. Wanasema hata choo kipya cha bureau, lakini hicho sikukishuhudia, siwezi kuapa.

Kwa hiyo masini ilipofika, mama akaletwa.

Alikuwa mfupi, mpana, na kitambaa cha kichwa amekifunga kama mtu anayekwenda kupigana. Yeye alikaa Mpofi, kule ndani ya Walikale, akiuza mawese, na hakupenda kupotezewa muda.

Padri naye akaja na maji ya baraka. Alipoinua mkono tu, nikajitupa juu ya clavier, vile vitufe vya kuandikia, kama golikipa. Nilibarikiwa mgongo mzima.

"Mama, kaa hapa," nikasema.

"Inaumaka?"

"Haiumi, Mama."

"Basi juu ya nini muko mbali vile?"

Nikamfungulia session, yaani mlango wake mwenyewe wa kuingilia ndani ya masini, kwa jina lake. Akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, mkono wa pili ameziba, na macho ametukazia wote, padri akiwemo.

Pale pale, mama amekaa, watu wanapiga vigelegele, nikaanza kuiweka serveur, ile programu kubwa inayotunza habari zote za maduka. Katikati ya kazi ikauliza: nani atakuwa mkubwa wa humu ndani? Chini ya swali kulikuwa na kitufe: mweke huyu aliyekaa sasa.

Nikakibonyeza.

Nani anasoma maswali wakati nje mbuzi anachomwa?

Nikaingiza duka la Mushaki. Nikamfungulia Céline, dada wa caisse anayepokea pesa za duka, kijimlango kidogo cha kuuzia tu. Maduka ya Masisi na Walikale nikasema nitayaingiza kesho.

Mama akashukuru, akala, akapanda kamioni kurudi Mpofi.

Na mimi nikaifuta session yake. Sherehe imekwisha, mtu anafagia. Ama kwenu hamfagii?

Kesho yake nikaingia kwa jina langu.

Huna ruhusa.

Nikajaribu tena, kwa upole. Huna ruhusa. Nikajaribu kwa matusi. Huna ruhusa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kitufe. "Huyu aliyekaa sasa" hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nimesimama! Masini yote ilikuwa yangu, funguo zote ziko mfukoni mwangu, lakini serveur iliyolala ndani yake ilikuwa na mkubwa mmoja tu duniani, naye alikuwa njiani kwenda kupima mawese.

Nikafungua session nyingine kwa jina lile lile, Kaswera, herufi kwa herufi. Ikakataa. Nikasema aa, ni lile neno la siri. Bila neno lake, haimtambui.

Kuiweka upya haikuwezekana. Mwenye ile CD niliyoazima ya kuiwekea serveur alikuwa amekwisha kuvuka ziwa kwenda Bukavu. Na Mpofi siku zile hakukuwa na réseau, kwa hiyo hata simu hakuna.

Nikaenda kwa Papa Muhindo.

"Papa, serveur inataka mama."

"Mama ya nani?"

"Mama yako. Inasema yeye peke yake njo mukubwa."

Nilidhani atanipiga. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Kumbe ile masini iko na akili! Enda umulete."

"Na cabine ya kamioni, Papa, iko na nafasi?"

"Imejaa. Panda juu ya magunia."

Ona vituko vya dunia. Ili nisirudi juu ya magunia, ilibidi nirudi juu ya magunia.

Njia ile siwezi kuieleza yote, utasema nazidisha. Nikupe moja tu. Baada ya Masisi tulipita kwenye tope, tukasikia chini yetu kitu kigumu. Kumbe tulikuwa tunatembea juu ya kamioni nyingine iliyozama msimu wa mvua wa nyuma. Dereva wake alitupigia honi kutoka chini.

Léonard, dereva wetu, naye akampigia. Heshima ya barabara.

Nyabiondo kamioni ikachoka, nikapanda moto, yaani pikipiki. Moto ikachoka, nikaibeba. Nikafika Mpofi nimekuwa rangi moja na barabara.

Mama Kaswera alikuwa mbele ya nyumba yake, anapima mawese.

"Wewe si ule wa kulala juu ya masini?"

"Njo mimi, Mama. Nimekuya kuomba kitu kidogo. Lile neno la siri uliloandika."

"Iko siri ya nani?"

"Yako, Mama."

"Na wewe unaiomba je?"

Nikaeleza. Nikaeleza mpaka mate yakaisha. Nikamwambia nikikosa lile neno, Siku ya Mungu nimerudi kuwa convoyeur, na mgongo wangu haujui tena kulala juu ya chumvi.

Akafunika pipa la mawese, akajifunga kitambaa upya.

"Neno sitakupatia. Lakini nitaenda kuliandika mwenyewe. Simamisha pikipiki."

Tukarudi watu watatu juu ya moto moja: dereva, Mama Kaswera, na mimi nyuma kabisa, nimeshikilia hewa.

Kabla ya kufika Nyabiondo tukakuta barrière, kizuizi kile kile nilichokilipia wakati wa kwenda nikapita, lakini sasa hakipitishi mtu. Kamba imefungwa kutoka mti mpaka mti. Vijana wenye bunduki wamekaa chini yake, wamekunja nyuso. Na watu! Huku na huku wamejaa, mbuzi, mapikipiki, wamama na vikapu. Walikuwa wamekaa pale muda mrefu mpaka soko dogo limezaliwa. Mmoja alikuwa anauza maharagwe ya moto.

Mimi nilishuka taratibu, nikaona bâche ya mtu, turubai la kufunikia mizigo, nikaingia chini yake. Kulikuwa na baridi.

Kutoka pale chini nikamsikia Mama Kaswera.

"Fungueni, tupite."

"Mama, haiwezekani. Chef njo anatoaka ruhusa."

"Chef iko wapi?"

"Alienda kuoa."

"Na nani alibakia pa nafasi yake?"

Nikainua bâche kidogo. Vijana walikuwa wanaangaliana.

"Hakusema," akajibu mmoja, sauti chini.

"Kwa hiyo nyinyi wote hapa hakuna mwenye anaweza kuinua kamba?"

"Tukiinua, atatuuliza nani alisema tuinue. Tukae tu."

Nilisahau hofu. Maskini, ugonjwa wao ulikuwa ugonjwa wangu! Bunduki wanazo, kamba ni yao, njia ni yao, lakini mwenye ruhusa amekwenda harusini.

"Wewe, jina lako nani?" Mama Kaswera akamuuliza yule.

"Bienvenu, Mama."

"Bienvenu! Bazazi bako balikuita karibu, na wewe umekaa kufungia batu njia? Simama nikuone."

Bienvenu akasimama. Bunduki ilikuwa ndefu kuliko yeye.

Mama akaenda mpaka kwenye mti, akafungua kamba kwa mikono yake miwili, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akampa mkononi.

"Chef wenu akirudia, mumwambie Mama Kaswera wa Mpofi alifungua. Kama iko na neno, akuye ku mawese, tutaongea."

Watu wote wakapita. Mbuzi wakapita. Bienvenu mwenyewe alisukuma moto yetu kwenye tope, anasema asante.

Mimi nilitoka chini ya bâche nikiwa wa mwisho, nikajipangusa, nikapanda.

"Ulikuwa wapi?" mama akauliza.

"Nilikuwa nachunga nyuma, Mama."

Akageuka mbele, akamwambia dereva twende.

Tulifika Mushaki siku moja kabla ya Siku ya Mungu. Mama akaenda kuoga. Watu wakanizunguka. Mlipitaje? Barrière ile haijapitisha mtu!

Sasa niambie wewe. Watu wamekuzunguka, macho yote kwako, Céline amekuletea chai na maandazi. Utasema ulikuwa chini ya bâche?

"Niliwakazia macho tu," nikaanza, pole pole. "Nikashika kamba kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kuume ni wa hatari. Nikasema: pisha! Mkubwa wao akaanguka mwenyewe. Watatu walilia. Mmoja akaniita baba."

"Yesu!" akasema Céline.

Mama Kaswera alikuwa anapita na ndoo yake ya maji. Alisikia yote. Akaficha mdomo kwenye kitambaa, akaendelea na njia yake.

Siku ya Mungu, watu wakiwa misani, tukaingia bureau: mimi, mama, na Céline kwenye chumba cha caisse, maana duka halikufungwa. Mama aliahidi kwenda misa ya pili. Aliniambia Mungu anajua ratiba yake.

Nikamfungulia session ya jina lake. Akaziba kwa mkono, akaandika neno lake lile lile la siku ya sherehe.

Huna ruhusa.

"Andika tena, Mama."

Akaandika. Huna ruhusa. Yeye mwenyewe! Kaswera wa kweli, na mwili wake, na kitambaa chake!

Nilikaa chini kwenye sakafu. Hapo ndipo akili ilipokuja, kama kawaida yake, baada ya safari.

Serveur haimjui mtu kwa jina. Kila session inapozaliwa, masini inaitia alama yake ya ndani isiyorudiwa tena. Nilipofuta ile ya kwanza nilimzika yule Kaswera wa masini. Huyu mpya alikuwa somo yake tu. Ukimpa mtoto jina la babu, babu hajarudi, na shamba la babu mtoto huyo hawezi kuliuza.

"Mama, nilikuua," nikasema.

"Unasema nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, mikono juu ya tumbo.

"Na bale banatengeneza hii kitu," akauliza, "habakufikiri kama mukubwa anaweza kufa?"

Nikamtazama.

Swali la maana kabisa, na mimi sikuwahi kuliuliza, kwa sababu nilikuwa nauliza namna ya kumpata mkubwa. Nikafungua kurasa za msaada za serveur yenyewe, nikatafuta si mambo ya kuingia bali mambo ya msiba: mkubwa amepotea, mfanye nini.

Ilikuwepo! Simamisha serveur, ilisema. Iwashe tena kwa kuiamuru ipokee mtu mmoja tu. Kama huyo mmoja ana funguo za masini, itampokea kama mkubwa.

Funguo ninazo! Nikaisimamisha, nikaiwasha, nikaiamuru. Nikabisha.

Nafasi imekwisha kukaliwa.

"Céline!" nikapiga kelele. "Toka ndani ya masini!"

"Nimetoka, Papa Sébastien! Nakunywa chai!"

Nikasimamisha, nikawasha, nikakimbiza vidole. Nafasi imekaliwa. Ilikuwa ile programu ya caisse. Mtu amekwenda kunywa chai lakini programu yenyewe inaendelea kubisha hodi bila kuchoka, na kila mlango ukifunguliwa inatangulia kuliko mimi, inakaa kwenye kiti kimoja kilichopo.

Kengele ya kanisa ikalia. Misa imekwisha.

Nikachungulia dirishani. Papa Muhindo alikuwa anashuka na wageni wake wa Butembo, makoti meusi, viatu vinang'aa kwenye tope.

"Mama, kuna kamba ndogo ya bluu nyuma ya masini ya Céline. Ing'oe!"

Mama Kaswera akatoka kwa kishindo. Radio ikanyamaza.

"Siyo hiyo, Mama!"

Taa ya caisse ikazimika.

"Siyo hiyo!"

"Basi nang'oa zote!"

Akang'oa zote. Nikasikia Céline analia, "Mama, nimemwaga chai!" Nikasimamisha serveur, nikaiwasha, nikabisha.



Ikafunguka. Karibu, mkubwa.

Nilibusu kioo. Nikaandika jina langu pale pa wakubwa. Mama alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu.

"Weka na wa pili," akasema.

"Juu ya nini, Mama?"

"Wewe unaweza kufa."

Maneno ya kweli. Nikamweka Céline. Tukarudisha kamba zote, nikaiwasha serveur kwa njia ya kawaida, nikaingiza Masisi na Walikale, na mlango wa bureau ukafunguliwa, wageni wakaingia.

Sherehe gani! Wale wafanyabiashara waliiuliza masini mambo yote. Chumvi iko ngapi Walikale? Inajibu. Sabuni iko ngapi Masisi? Inajibu. Mmoja aliiuliza kama mvua itanyesha, tukamwambia hilo bado.

Wakapiga makofi. Papa Muhindo akanishika bega.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu muntu munayemuona, si wa masini tu. Munajua ile barrière ya kabla ya Nyabiondo? Makamioni yangu imelala kule. Huyu aliifungua na mkono wa kushoto! Batatu balilia!"

Nikatafuta kwa macho mlango wa kutokea.

"Fundi wa ordinateur nitapata hata Goma. Muntu wa kutetemesha barrière, tangu vita ianze nilikuwa namutafuta. Sébastien, tangu kesho uko chef de convoi, mukubwa wa makamioni yangu yote njiani!"

Makofi tena, makubwa kuliko yale ya masini.

"Lakini Papa," nikasema, "nani atakaa na serveur?"

"Si Céline yuko mukubwa pia? Mama ameniambia."

Nikamgeukia Mama Kaswera. Nilimtazama kama mtu aliyezama anavyotazama mtumbwi.

"Mama, tafazali. Waeleze namna tulivyopita."

Akanitazama kwa upendo. Nakuapia, kwa upendo.

"Niseme nini, mutoto wangu? Nieleze kuhusu bale batatu balilia, ao nieleze kuhusu bâche?"

Chumba kilikuwa kimejaa. Butembo nzima ilikuwa inangoja. Céline alikuwa ananitazama kama sanamu ya mtakatifu.

Nikapima. Aibu upande huu, magunia upande ule.

"Usijichoshe kueleza, Mama," nikasema. "Nitakwenda."

Kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya chumvi, cheo kipya, mvua ile ile, naelekea kwa Bienvenu kuona kama chef amerudi kutoka harusini.

Sasa nimestaafu, mgongo umekuwa barometa, na vijana wananiuliza kazi hizi zilinifundisha nini. Nawaambia haya.

Masini ikikuuliza nani atakuwa mkubwa, acha nyama ya mbuzi, soma swali. Weka wakubwa wawili, kwa sababu mtu hufa, husafiri, huoa. Usifagie jina la mtu kabla hujajua ameshika nini.

Na kama huna budi kutunga uongo, utunge ule ambao ukiaminiwa na bosi, hautakupatia kazi.